Zamu ya Magige

Mume wangu hajazaliwa. Nikiwaambia hivyo watu wa Tarime mjini wanadhani namsema vibaya, kwamba labda ni mlevi au ni mtu wa kulala tu. Hapana. Hajazaliwa kabisa, na siku naolewa naye alikuwa na ng'ombe wa mahari, alikuwa na jina, na alikuwa na kigoda chake karibu na mlango.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Kwetu Ukuryani mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa mahari, analeta binti wa watu nyumbani, na binti huyo anakuwa mke wa yule kijana ambaye huyo mama angemzaa kama angejaliwa. Mwanamume wa kupata naye watoto binti anajichagulia, lakini watoto ni wa nyumba ile. Wana ukoo, wana shamba, na baba yao ni hilo jina. Tunaita nyumba ntobu. Mama Matinde alizaa mabinti watatu, wote wakaolewa, na kwa ng'ombe wa mahari yao akaja kwa baba yangu Elia, kule Morotonga karibu na Mugumu, akanioa mimi Wegesa kwa ajili ya mwanawe Magige.

Kigoda alikinunua mnadani, cha miguu mitatu, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Binti yangu Nyangi alikikalia mara moja akiwa na miaka miwili, akala kibao cha paja. "Inuka kwa baba yako," mama Matinde akamwambia. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku zile nilikuwa mtu wa kucheka.

Halafu vikaja vita. Sisi na watu wa ng'ambo ya mto Nyamorege tuligombea malisho ya bonde dogo ambalo ukilikatiza kutoka huku hadi kule, chai uliyoiacha nyumbani haijapoa. Mwaka wa kwanza ilikuwa karibu sherehe. Fahali walichinjwa, vijana waliimba, kila mama alitaka mwanawe aonekane mbele. Sitajitakasa hapa, nami nilipiga vigelegele.

Mwaka wa pili mnada ulihamia kwingine. Abubakari, aliyekuwa akituuzia chumvi na sukari pale senta, alifunga duka akaenda zake Tarime mjini, maana hakuna pikipiki iliyokubali kumletea mzigo. Faraji mhunzi alimaliza misumari yote ya kijiji, akamaliza nondo za madirisha yetu, kisha akaanza kufua majembe kuwa vichwa vya mishale. Tulimpelekea wenyewe, tena kwa kujisifu. Mvua zilipokuja tukasimama shambani mikono mitupu tukitazama udongo uliolainika. Maksai wa kulimia walikuwa wameshaliwa na walinzi. Tulifukua mashimo kwa vijiti na mapanga butu, na mahindi machache tuliyopata, nusu yake ilikwenda kivukoni, pale mtoni walinzi walipokesha, kwa sababu mlinzi mwenye njaa husinzia, na akisinzia mmoja, mifugo ya kijiji kizima inavushwa.

Wengine walikufa. Wengi zaidi waliondoka, huyu machimboni, yule Mwanza, wengine wakapita Sirari kwenda kuchuma chai Kenya. Walikuwa wakituma ujumbe kwenye simu, "tuko pamoja", wenyewe wakiwa wameshiba huko Kisii. Makaratasi ya suluhu tulishatia sahihi mara mbili, na mara zote mbili ni sisi na wenzetu wa ng'ambo tulioyachana kabla wino haujakauka.

Mwaka wa tatu baraza likaitishwa shuleni. Msemaji wake alikuwa mzee Kornelio, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alisema kivuko kina malindo sita na watu wa kuyajaza hawatoshi. Kuanzia siku hiyo kila nyumba itoe mwanamume mmoja, siku moja kwa wiki. Nyumba isiyo na mwanamume itoe ng'ombe wa kuwalisha wanaolinda.

Sisi tulikuwa tumebakiwa na ng'ombe mmoja, Kijivu. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea Nyangi, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo aliyeijua ni Joel peke yake. Joel ndiye mwanamume niliyejichagulia. Alikuwa bodaboda, pikipiki yake ikauzwa kwa ajili ya vita, sasa alikuwa mkuu wa zamu ya Alhamisi. Kornelio aliposema neno ng'ombe nilimgeukia mama Matinde.

Mama Matinde akasimama. Alikuwa mfupi, mgongo umeanza kupinda, lakini sauti yake ilikuwa ya kuita mtu kutoka kilima cha pili.

"Nyumba yangu ina mwanamume," akasema.

Watu wakacheka. Kornelio akangoja wanyamaze.

"Mama Matinde, hapa tunazungumza juu ya wanaume wa kushika upinde."

"Nami nazungumza juu ya Magige. Tata Kornelio, siku naoa si ulikuwepo? Ile pombe ulikunywa ya harusi ya nani? Huyu Wegesa ulimbariki awe mke wa nani? Kama Magige hayupo, sema hapa mbele ya watu kwamba hayupo. Halafu geuka uwaambie na watoto wa nyumba nyingine kama yangu kwamba wao hawana baba."

Kicheko kilikatika. Nyumba za namna yetu zilikuwa tisa pale kijijini, na Kornelio mwenyewe alizaliwa katika nyumba kama hiyo. Baba yake naye alikuwa jina tu. Nilimwona mzee wa watu akitazama viatu vyake, akifikiri.

"Magige wa Matinde," akasema hatimaye. "Alhamisi. Lindo la sita, pale penye jiwe."

Wao walidhani wanamsitiri mama mzee. Sisi tulidhani tumeokoa ng'ombe. Tulirudi nyumbani tukimcheka Kornelio njia nzima, na mama Matinde akaenda moja kwa moja zizini akamkuna Kijivu shingoni.

Sasa, utaratibu wa kivukoni ulikuwa hivi. Adhuhuri wanawake wanapeleka chakula, kila mmoja kwa mtu wake. Mkuu wa zamu anaita nyumba kwa nyumba, mwanamke anaitika kwamba mtu wake yupo, kisha anaweka bakuli kwenye lindo lake. Kama jina limeandikwa, chakula lazima kiende, na jina la Magige lilikuwa limeandikwa. Alhamisi ya kwanza nikabeba ugali na mtindi nikaenda.

"Magige wa Matinde?" Joel akaita, akiuma mdomo asicheke.

"Yupo," nikajibu.

Walinzi walicheka hadi wakakaa chini. Niliweka bakuli pale penye jiwe, na baadaye Joel alikwenda akala kile chakula mwenyewe. Nikamwambia ana tabia mbaya, anakula cha mwenye mke. Alisema mwenye mke akilalamika atamrudishia.

Alhamisi ya tatu niliweka bakuli nikarudi lindo la kwanza kuzungumza na Joel. Jua lilikuwa la utosi. Kutoka pale tulipokaa jiwe lilionekana lote, na hakuna mtu aliyelisogelea. Nilipokwenda kuchukua bakuli nililikuta tupu, limefunikwa kifudifudi juu ya nyasi, kama afanyavyo mtu aliyeshiba asiyetaka kuongezewa. Nikasema ni ngedere. Joel akasema ndiyo, ni ngedere. Wala hatukuulizana ni ngedere gani anayefunika bakuli.

Wiki iliyofuata watu wa ng'ambo wakapaza sauti kutoka upande wao. Tulizoea matusi yao na wao walizoea yetu, lakini hii ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Mura, huyo mrefu wenu hapo jiweni hakai? Tangu asubuhi amesimama tu. Mwambieni akae basi, anatuchosha macho."

Joel aliniambia maneno hayo jioni, nikiwa nasonga ugali. Alisema aligeuka kutazama jiweni, na pale palikuwa na jiwe na nyasi. Nilingoja acheke ili nami nicheke. Hakucheka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu kuvuka upande wa jiwe. Kornelio alipopata habari alifunga macho kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akaagiza lindo la sita aachiwe Magige siku zote saba. Nani angekataa? Wanaume walikuwa wamechoka hata kuongea. Walikuwa wakilala wakitembea. Ukimsalimia mtu shikamoo anakujibu wiki ijayo.

Na wengine wakaona njia. Hezekia, ambaye kijana wake aliuawa mwaka wa kwanza, alimtuma mkewe na bakuli. Jina lilipoitwa, yule mama akasema, "Yupo." Hakuna aliyemkatalia. Wakafuata wake wa wale wa machimboni na wa Kenya, "yupo", "yupo", na kufikia masika kivuko kilikuwa na watu wawili wenye pumzi na malindo manne ya majina. Lakini kililindwa kuliko wakati wowote. Hakuna mshale uliovuka, hakuna ng'ombe aliyeibwa, hakuna mtu wa upande wowote aliyekufa.

Unaweza kudhani tulifurahi. Mimi niliogopa, na nitasema kwa nini. Zamani kila jeneza lilipopita, watu walisema vita hivi viishe. Sasa majeneza yalikoma, na neno la kuisha likakoma nayo. Kilichobaki ni mabakuli. Yalikwenda yamejaa, yakarudi matupu na safi, kila siku, na wale wasiokuwepo walikula kuliko wanaume wowote niliowahi kuwapikia. Ukipunguza chakula, bakuli linarudi likiwa limepasuka. Tulipika mbegu. Tulipika mtama uliokuwa umewekwa kwa ajili ya matanga. Nyangi alianza kuwa na kichwa kikubwa na shingo ndogo, na mimi mimba ikapanda huku mashavu yakishuka.

Mama Matinde ndiye aliyenenepa, na sijui kwa kula nini. Miaka yote alipita njia za kando ili asikutane na mama wenye vijana. Sasa alikatiza katikati ya senta. Walimpisha. Walimwita mama Magige.

"Mwanangu siku ya tisa hajalala," alikuwa akisema, na sauti inamtetemeka kwa raha. "Wegesa, mwongezee. Mwekee na maziwa ya jioni."

"Mama, mimi ndiye mwenye mimba."

"Wewe uko nyumbani. Yeye yuko vitani."

Nilimchukia Magige. Sijali anayesikia. Nilimchukia kama mke anavyomchukia mume mlafi, na huku najua kwamba nikienda kivukoni adhuhuri, nikaweka bakuli na kugeuza mgongo, nitasikia nyasi zinalala taratibu nyuma yangu, mtu anakaribia bila kuinama. Sikuwahi kugeuka. Nilikuwa natembea haraka, si mbio, mkono mmoja kwenye tumbo.

Nilijifungua mtoto wa kiume mwanzo wa kiangazi. Nilimpigia baba yangu Morotonga, nikamwambia mtoto ataitwa Elia kama yeye. Mzee akasema atatuma blanketi. Likaja na basi, la bluu.

Mtoto akiwa na wiki tatu, wanawake wa ng'ambo walivuka mto mchana kweupe, wameshika nyasi mbichi mikononi kuomba amani. Walikuwa mifupa. Nilipowaona nilijiona. Hawakuwa na cha kula, wakasema, na sisi hatukuwa na cha kuwaficha. Wazee wa pande zote wakakubaliana kufanya suluhu ya zamani, ile isiyotiwa sahihi. Silaha zote zinalazwa kwenye mstari mmoja kando ya mto, kila mpiganaji analaza yake, kisha mama wa huku na mama wa kule wanabadilishana watoto wachanga juu ya mstari huo na kuwanyonyesha. Mtoto aliyenyonya kwako humpigi tena. Mama wenye wachanga kwetu tulikuwa wawili tu, mwenzangu alikuwa anaumwa homa. Kwa hiyo nilikuwa mimi.

Siku yenyewe Kornelio aliita majina. Wa machimboni walikuwa wamepigiwa simu, wakarudi na aibu zao, wakalaza mikuki. Waliokufa, mama zao walikuja wamenyoa vichwa. Jina likiitwa, mama anasema, "Amelala," na mkuki wa marehemu unalazwa. Mke wa Hezekia alisema neno hilo bila machozi, na nilimwonea wivu, maana yeye alikuwa na kaburi la kuelekea.

Mstari ukakamilika. Nilisimama na mtoto wangu upande huu, mwanamke wa ng'ambo na wake upande ule. Mzee wao, aliyevaa kofia ya sufu jua kali lile, akainua mkono.

"Bado," akasema. "Mmoja wenu amesimama."

Sote tukageuka jiweni. Jiwe na nyasi. Lakini yeye hakuwa akitazama nyasi. Macho yake yalikuwa juu, pale ambapo uso wa mtu mrefu sana ungekuwa.

"Simlaumu," akasema mzee. "Amewalinda vizuri. Ila siwezi kuvusha mtoto wetu juu ya huu mstari wakati yeye ameshika silaha. Mwiteni aje ailaze."

Kornelio aliita. "Magige wa Matinde!" Na mimi, kwa mazoea tu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema yupo. Niliuziba kwa blanketi la mtoto.

Mama Matinde akaondoka peke yake kuelekea jiweni, amebeba kile kigoda. Alikiweka chini. Kisha tukamwona ameinua uso, anazungumza. Alizungumza muda mrefu. Wakati fulani aliinuka kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono juu, kama mama anayemtengenezea mwanawe kola ya shati. Watu mia tatu pale, na ulikuwa unasikia maji ya mto tu. Alirudi na kigoda kichwani.

"Hataki kukaa," akasema. "Anasema amechoka. Anataka kuja nyumbani, lakini hajui apite wapi, kwa sababu hakuna mlango aliotokea."

Akamtazama mtoto kifuani kwangu.

"Mama, hapana," nikasema. "Huyu ni Elia."

"Hajatangazwa. Mimi ndiye mwenye nyumba, jina natoa mimi."

Ni kweli, lilikuwa lake kulitoa. Nikamtazama Joel. Kimila hakuwa na neno juu ya mtoto; alikuwa akichora chini kwa dole gumba la mguu. Nikamtazama Nyangi aliyeshika sketi yangu, shingo ile. Nikamtazama yule mwanamke wa ng'ambo, titi lake limelala kama soksi. Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangefoka. Walinitazama tu, pande zote mbili, kama watu wanaomtazama mwenye ufunguo, na mimi nikamtoa mwanangu.

Mama Matinde akamnyanyua, akamtangaza Magige mara nne. Akaweka kiganja cha mtoto juu ya mpini wa mkuki wa kuazima, akaulaza kwenye mstari. Mzee wa ng'ambo akashusha macho taratibu kutoka juu hadi chini, kama anayemfuata kwa macho mtu anayepita, mpaka yakatua kwenye blanketi la bluu.

"Haya," akasema. "Kumekwisha."

Tukabadilishana. Wa kwao alininyonya kama anayenidai. Wangu alitulia kwenye titi la yule mwanamke, na kila mara mwanamke aliinamisha kichwa kuhakikisha kama bado amempakata. Aliponirudishia alininong'oneza, "Mshike vizuri, dada. Hana uzito."

Suluhu ilishika. Hilo silikatai. Abubakari alirudi, na mzigo wa kwanza alioleta ni majembe. Mnada ulirudi. Nyangi akapata shingo ya mtoto. Kila Jumapili watu waliomba dua kwa ajili ya nyumba yetu, na mama Matinde aliketi mbele.

Lakini mtoto. Kliniki walimning'iniza kwenye mzani, nesi akasema uzito mzuri, hongera mama. Nilipombeba mgongoni sikumsikia. Nikiwa njiani nilikuwa nikirudisha mkono nyuma kila hatua kumi, nimguse. Alinyonya sana na hakulia. Na hakukaa. Watoto hukaa kwanza, wanaegemezwa na mito, wanaanguka, wanacheka. Huyu ukimkalisha mwili unanyooka kama ubao. Alipofika miezi minane alishika mwimo wa mlango akasimama, na kuanzia hapo, akiamka amesimama, uso umeelekea mtoni. Mama Matinde alimsogezea kigoda chake. Akakikataa. "Hana mazoea," akasema yule mama kwa fahari, na hakuwahi hata siku moja kumwita mjukuu. Alimwita mwanangu, alimkumbusha zamu zake, na mtoto alimsikiliza kama mtu mzima anayesikiliza habari za kazini.

Mama Matinde alifariki mwaka huu, mahindi yakiwa yanakauka. Alikufa ameridhika. Tulimzika vizuri, na mimi nikawa mwenye nyumba.

Miezi miwili baadaye tukasikia kwamba watu wa ng'ambo wameonekana bondeni wakipima kwa kamba. Wao nao walisikia kwamba sisi tumeng'oa alama za mpaka. Siku ya Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, Joel alikuja nyumbani kwangu. Mzee Kornelio hakuwa na nguvu tena, na baraza lilikuwa limempa Joel kazi yake. Alikuwa na daftari. Alisimama uani bila kunitazama machoni.

"Nyumba kwa nyumba, Wegesa. Kama zamani."

"Ndiyo kusema mmeanza."

"Bado. Tunajiandaa." Alisafisha koo. "Wazee wanasema safari hii hatutaki kupoteza vijana. Hatutaki kuchinja maksai. Yule alishika kivuko karibu peke yake. Hatumchukui mtoto, usiogope. Atabaki hapa hapa kwako. Wanataka jina tu. Useme tu yupo."

Nyuma yangu mtoto alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Nilijua bila kugeuka. Nilikumbuka nyasi zile zinavyolala.

Neno moja. Tungelala usingizi, Kijivu angebaki zizini na ndama wake, na vita vingekwenda mwaka, miaka kumi, bila jeneza, na mimi napeleka bakuli adhuhuri kwa mwanangu mwenyewe huku mwanangu mwenyewe akiwa nyumbani amesimama.

"Nyumba hii haina mwanamume," nikasema.

Joel akainua uso. "Na huyo nyuma yako?"

"Huyu ni Elia. Ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mwenye nyumba ni mimi, na jina natoa mimi." Nikalitazama daftari lake. "Ni mtoto wangu, Joel, na ni wako, hata kama hukuwahi kulisema. Magige simjui. Sina mume. Sijawahi kuwa naye."

"Wegesa, silaha zililazwa kwa jina hilo. Ukiliondoa..."

"Nyumba isiyo na mwanamume inatoa nini?"

Nilikwenda zizini mwenyewe. Nilimfungua Kijivu, ng'ombe yule yule tuliyemwokoa shuleni kwa kicheko, nikamtoa mpaka uani, nikamtia Joel kamba mkononi. Ndama alilia. Joel alisimama na daftari mkono mmoja na kamba mkono mwingine, na sijawahi kumwona mtu mwenye aibu kama ile.

Hapo nikasikia kishindo kidogo nyuma yangu, cha kitu laini kuanguka sakafuni. Nikageuka. Mtoto alikuwa amekaa. Amekaa kwa matako, miguu imetawanyika mbele, uso umejaa mshangao, kisha mdomo ukapinda akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto aliyejiumiza. Nilimkimbilia nikamnyanyua, na mikono yangu ikashuka, kwa sababu sikuwa nimejiandaa kwa uzito ule.

Nililia pamoja naye pale pale kizingitini. Nilipotazama tena uani, Joel hakuwa akitutazama. Alikuwa amegeukia mtoni, upande wa jiwe, shingo ameinua juu kidogo. Kamba ilikuwa imemtoka mkononi. Taratibu akainua kiganja, kama mtu anayejibu salamu.

Sikuangalia alichokuwa anaangalia. Nilimbeba Elia, mzito, nikaingia naye ndani, nikafunga mlango.